Uji Usiochachuka

Daktari alikuwa kijana, na alizungumza nami huku akitazama kompyuta. Aliniambia niache hamira kwa miezi mitatu, halafu turudi tuone. Si mkate peke yake, akasema, bali kila kilichochachushwa: mandazi ya kioskini, maziwa mala, siki, vidonge vya mchuzi, na uji uliolazwa. Nikamuuliza kuhusu ugali. Akacheka kidogo, akasema ugali ni sawa, mama. Nikaona sitakufa njaa, maana Mkisii aliyeachiwa ugali wake bado ni mtu.

Huo ulikuwa mwezi wa tano tangu tumzike mume wangu. Wiki chache baada ya mazishi nilianza kuwashwa mikononi na shingoni, ngozi ikatoa mabaka, tumbo likajaa hadi sketi za kazini zikanikataa. Nilikuwa karani katika ofisi ya wakili mjini Kisii, na nilichoka kujikuna mbele ya watu waliokuja kushtakiana mipaka ya mashamba. Daktari wa kwanza alinipa dawa ya kupaka. Huyu wa pili ndiye aliyeuliza ninakula nini.

Ningependa kuandika kwamba nilikuwa na huzuni. Sikuwa na huzuni. Siku ya mazishi watu walinisubiri nilie, wakasubiri sana, wengine wakaanza kunitazama kwa jicho la pembeni, na mimi nilikuwa nikifikiria kama viti vya kukodi vitatosha. Wahenga walisema heri kufa macho kuliko kufa moyo. Mimi macho yalikuwa mazima kabisa, nikiona kila kitu, na hakuna nilichokiona kilichonigusa.

Kwa hiyo amri za daktari zilinifaa. Mtu asiyetaka chochote hufurahia kuambiwa afanye nini. Nilibandika karatasi yake ukutani jikoni, katika nyumba ya kupanga niliyokuwa nikiishi karibu na soko la Mosocho, nikaifuata kuliko nilivyowahi kufuata mahubiri. Asubuhi nilikula nduma zilizochemshwa kwa chumvi, nusu ya avokado, na chai ya tangawizi. Mchana nilifungua kopo langu ofisini: ugali wa wimbi, chinsaga, ile mboga ya mgagani, iliyochemshwa hadi uchungu wake ukalegea, ikatiwa maziwa mabichi badala ya mala. Siku nyingine ndizi za kupika na njugu zilizosagwa. Siku nyingine omena na nyanya, vitunguu na dhania tele, bila kile kidonge cha mchuzi. Kwa miaka mingi nilikuwa nikitia kidonge hicho katika kila sufuria, hata sikujua tena kitunguu kina ladha gani. Na chapati, Mungu azibariki, hazina hamira: unga, maji ya uvuguvugu, mafuta, chumvi, na subira ya kuuacha unga upumzike.

Wenzangu ofisini walianza kuacha mandazi yao na kuomba kuonja kopo langu. Walisema ni tamu. Niliwaamini. Nilikula vizuri kuliko wakati wowote wa ndoa yangu, ngozi ikatulia, sketi zikarudi kiunoni, na chakula chote kile kilipita mdomoni kama maji. Nilitafuna kwa sababu saa ya kutafuna ilikuwa imefika.

Kila Jumamosi baada ya ibada nilipanda kwenda kwa mama mkwe. Boma lake liko juu ya Sironga, upande wa Nyamira, chai mbele na migomba nyuma. Alikuwa mjane wa miaka mingi, shemasi wa kanisa letu la Wasabato, na uji wake wa wimbi ulijulikana hadi makanisa ya jirani. Alikoroga unga na maji ya vuguvugu katika chungu, akatia kijiko cha uji wa zamani uliobaki, akauweka karibu na meko kwa siku tatu. Ukipikwa, ulikuwa na ukali unaobana nyuma ya taya. Mume wangu aliupenda uji huo kupita kiasi. Jumamosi ya mwisho ya uhai wake alikunywa vikombe vitatu kwa mamake. Jumatatu moyo ukasimama akiwa kazini. Nilipopewa nafasi ya kusema machache siku ya mazishi, nikasema hivyo hivyo: kwamba chakula cha mwisho alichokula kwa furaha kilitoka mkononi mwa mama yake. Nilidhani ninamheshimu mzee wa watu.

Jumamosi ya kwanza baada ya kuonana na daktari, mama mkwe alikuwa amekuja na wanawake wawili kutoka kanisani. Alinimiminia uji kwanza, kama ilivyo desturi yake kwa wake wa wanawe. Nikasema asante Mama, daktari amenikataza. Kisha nikatoa kopo langu kwenye mkoba, nikalifungua juu ya meza yake, nikala viazi vitamu nilivyopika mwenyewe Mosocho. Niliweka na chupa yangu ya chai pembeni. Wale wanawake waliangalia kopo, wakaangalia chupa, wakaendelea na habari za kwaya. Mama mkwe alichukua kile kikombe changu akakinywa yeye.

Nilifanya hivyo Jumamosi baada ya Jumamosi. Sikueleza zaidi, na yeye hakuuliza. Jumamosi ya nne au ya tano alimimina uji, akaonja yeye kwanza, akameza, ndipo akaninyooshea kikombe kile kile. Katika miaka kumi na minane hakuwahi kufanya hivyo. Nilidhani anapima kama umepoa. Nikasema asante Mama, daktari amenikataza.

Kuna jambo ambalo kila mtu wa kwetu analijua, na mimi nililijua tangu utotoni, ila siku hizo kichwa changu hakikuwa kinashika kitu. Kwetu mtu hakatai chakula waziwazi. Anayekiogopa chakula cha nyumba fulani, anayehisi kwamba mkono uliokipika si mwema, husema tu kwa adabu kwamba daktari amemkataza. Watu husikia, huitikia kwa kichwa, na huelewa. Mimi nilisema ukweli mtupu, na ukweli wenyewe ulikuwa ndio ule uongo wa siku zote.

Mwezi wa tatu wa chakula changu, wifi yangu, dada wa marehemu, alikuja ofisini bila kupiga simu. Ana duka la vitambaa Nyamarambe na si mtu wa kufunga duka siku ya Jumatatu. Alikataa kiti. Aliniambia kwamba kikundi cha akina mama wanaochuma chai kwa zamu, leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule, kilikuwa kimechuma kwa mama yake wiki nne zilizopita, na mama akapika uji kama kawaida. Wanawake tisa. Sita walikuwa wamekuja na chupa zao za chai. Uji ulirudi jikoni umejaa sufuria.

Nilimuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu anayetazama mlango uliofungwa.

"Wanasema, kama mke wa mwanawe hali kwake, wao ni nani?" akasema. "Wanasema wewe mwenyewe ulitangaza mbele ya jeneza kwamba alikula kwa mama, kisha akafa."

Alieleza mengine akiwa amesimama. Kwamba kanisani mama haombwi tena kupika kwa ajili ya wageni. Kwamba siku ya kuosha miguu, kabla ya Meza ya Bwana, wanawake hujipanga wawili wawili na safari hii mama alibaki peke yake na beseni lake mpaka mke wa mchungaji akaja kumwosha. Kwamba mama hajasema neno kwa yeyote, ila amekonda.

Wifi alipoondoka niliendelea kuchapa barua niliyokuwa nikiichapa. Nilimaliza, nikaisoma tena, nikasahihisha tarehe. Nilijua ninapaswa kuingiwa na hofu, na nilijua ni kwa nini. Kwetu neno kama hilo kuhusu mama mzee, mjane, halibaki maneno. Nilipokuwa msichana niliona nyumba ya bibi mmoja ikichomwa mchana kweupe, na waliosimama wakitazama walikuwa watu aliowapokea walipozaliwa. Yeye alitolewa akiwa hai kwa bahati tu. Ilianza kwa nini? Kwa mtu mmoja kukataa ndizi zake. Nilikumbuka hayo yote nikiwa nimekaa wima kwenye kiti, na moyo ukidunda polepole kama kawaida. Kitu pekee nilichohisi ni aibu, tena ndogo, kama kokoto kiatuni. Nikaamua aibu hiyo itatosha kunitembeza.

Niliomba likizo ya siku tatu. Zamu ya mama ilikuwa Alhamisi. Nilifika Jumanne asubuhi nikamkuta jikoni na unga wa wimbi kwenye ungo, chungu kimeshaoshwa. Mazungumzo yetu huwa kwa Kikisii, na Kikisii chake ni cha watu wasiopoteza neno. Nilimwambia wifi amekuja. Akasema anajua. Nilimwambia sikujua. Nikatoa karatasi ya daktari kwenye mkoba, akaipokea kwa mikono miwili, akaigeuza upande huu na ule, akaikunja akanirudishia. Ilikuwa ya Kiingereza na mwandiko wake ulikuwa wa kuku.

Nikampa mpango wangu. Alhamisi nitakunywa uji wake uliochacha mbele ya wanawake wote tisa, vikombe viwili, na nitasema ni mtamu. Daktari hakusema utaniua. Nitawashwa siku mbili tatu, basi. Nilijiona nimefikiri vizuri sana.

Mama mkwe alinishika mkono, akapandisha mkono wa sweta, akaangalia makovu ya kucha zangu.

"Ukinywa ukavimba mbele yao, mokamwana," akasema, "watasema nini?"

Hilo halikuwa limepita akilini mwangu. Karani wa wakili mzima. Nilikuwa naenda kuwapa ushahidi kwa ngozi yangu mwenyewe.

Basi nikasema apike vyungu viwili, changu kisichochacha na chao. Hapo alinitazama kwa huruma, nadhani, kama anavyotazamwa mtoto mjinga. Vyungu viwili ni vibaya kuliko chupa ya chai. Mtu anayejipikia chungu chake katika nyumba ya mwingine amesema kila kitu. Nje jogoo aliwika kwa saa isiyokuwa yake. Mwishowe nikasema kilichobaki: chungu kimoja, uji usiochachuka, na wote wanywe wa mgonjwa.

Lilimuuma. Nililiona likimuuma. Kumpa mchumaji aliyeinama shambani tangu saa moja uji mtamu usio na ukali ni kumpa chakula cha mtoto anayenyonya, na yeye alikuwa mwanamke aliyejulikana kwa jambo moja. Alikaa na ule ungo mapajani muda mrefu. Kisha akainuka, akakichukua chungu cha kuchachushia, akakiweka juu ya dari kule kunakowekwa vitu visivyotumika. Akaniuliza uji wangu huwa ninautia nini, maana hauwezi kuwa mtupu hivyo hivyo.

Nikamfundisha kupika. Sijui kama mke yeyote wa Kigusii amewahi kumfundisha mama mkwe kupika akabaki salama. Nilimwonyesha ninavyokaanga unga wa wimbi kidogo kwenye sufuria kavu hadi unukie, ndipo niukoroge. Ndizi mbivu zile ndogo zinapondwa zinatiwa ndani, sukari haihitajiki. Mwishoni, sufuria ikishateremshwa, ndimu inakamuliwa, na ukali unakuja, si ule wenyewe lakini jamaa yake. Alionja akasema ni uji wa harusi ya watu maskini. Siku iliyofuata tulipika tena kwa majaribio akaongeza ndimu. Tulipika na vitu vingine: ndizi za kupika na njugu, viazi, mboga za managu bila mala. Alikula pamoja nami kutoka sahani moja, na niliona kwamba alikuwa na njaa.

Alhamisi wanawake walikuja kabla jua halijapanda, mifuko mgongoni, aproni za plastiki viunoni. Nilichuma nao. Mikono yangu ya ofisini iliwapa kicheko. Mmoja alisema ninachuma kama mtu anayechagua nyanya sokoni, nikirudisha mbaya. Nilihesabu chupa za chai zilizopangwa chini ya mti. Zilikuwa saba.

Saa nne tulipumzika. Mama mkwe aliileta sufuria moja, akaiweka katikati ya nyasi mahali kila mtu anaona, akaleta upawa mmoja. Alinimiminia wa kwanza. Nilikunywa. Nikanyoosha kikombe akanijazia cha pili. Akajimiminia mwenyewe akanywa. Nilisikia majani ya migomba yakipigana na upepo, na nilijua kwamba kila jicho liko kooni mwangu, na kwamba hapo tulipokaa ndipo mambo ya mzee huyu yatakapoamuliwa. Hata hapo sikutetemeka. Nilikunywa kama ninavyokunywa kila siku.

Mama mmoja mnene, aliyekuwa mkubwa wa kikundi kwa miaka, alichukua kikombe. Sijui kama ni ushujaa au kiu. Alimiminiwa, akanywa funda moja, akakunja uso.

"Huu ni uji au ni maji ya kuogeshea mtoto?" akasema. "Umefanya nini uji wako, wewe mama?"

Mama mkwe akamjibu kwamba mokamwana wake ni mgonjwa wa vitu vilivyochacha, kwamba daktari wa Kisii ameandika kwa karatasi, na kwamba katika nyumba yake mgonjwa hali peke yake. Wa pili akaonja akasema ndimu imezidi. Wa tatu akasema ndimu haitoshi. Mmoja aliuliza kama ugonjwa wenyewe unaambukiza, wakacheka. Mwingine akaanza kusimulia tumbo la dadake na mkate. Walilalamika, wakamiminiwa tena, wakalalamika zaidi. Ndipo nilipojua imekwisha, maana anayeogopa sumu hapigi kelele kuhusu ndimu. Sufuria ilirudi jikoni na ukoko wa uji chini tu. Chupa za chai nyingi ziliondoka kama zilivyokuja, zimejaa.

Sikufurahi. Nilijua ni jambo la kufurahia, nikaliweka mahali pake.

Walipokwisha kupeleka majani kituoni, tulibaki wawili. Tuliosha vikombe nje, yeye akisugua, mimi nikisuuza. Alikuwa amenipa mgongo nusu. Aliuliza bila kugeuka.

"Na wewe, ulidhani ni mimi?"

Nikasema hapana. Akasubiri. Nikamwambia ukweli ulivyokuwa: sikudhani ni yeye, sikudhani chochote, tangu siku ile nilikuwa sijamfikiria hata kidogo, wala yeye wala mtu mwingine. Nilikuwa nikija Jumamosi kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Niliposema hivyo niliona ni jambo baya kuliko lile aliloliuliza.

Alisugua kikombe kilichokuwa tayari safi.

"Mwanangu alikula kwako siku sita na kwangu siku moja," akasema. "Unadhani mimi nilimfikiria nani?"

Nilisimama na maji yakichuruzika kwenye vidole. Kwa miezi minane mama huyu alikuwa ananimiminia uji akiamini labda nimemuua mwanawe. Hasira ilinipanda, hasira ya kweli, yenye joto, hadi masikio. Nilimuuliza kwa nini basi aliendelea kunipikia, kwa nini asinifukuze langoni.

Alisema alikuwa anasubiri niseme kitu. Kitu chochote kuhusu yule mtu, hata kama ni matusi, maana kila Jumamosi nilikuja nikala chakula changu nikaondoka, na hakuna mtu mwingine aliyeishi na mwanawe ambaye angeweza kumpa habari zake.

Sikuwa na kitu kikubwa cha kusema. Nikamwambia kwamba mwanawe alilalamikia uji wangu kwa miaka kumi na minane, kwamba alikuwa akiweka kijiko chini kila mara na kusema, si kama wa mama. Kwamba mara moja nilimrushia kitambaa cha vyombo. Kwamba alikuwa akiimba vibaya bafuni, nyimbo za kanisa, akisahau ubeti wa pili kila siku.

Alikaa chini kwenye jiwe la kufulia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, kama wanavyolia watu wa kwetu, aproni usoni. Nilikaa kando yake nikamshika mkono uliojaa povu. Nilimsikiliza mpaka akamaliza, na muda wote huo nilimwonea wivu.